Sura ya Sita: Kivuli Kina Mwenyewe

Mwalimu akipata barua ya uhamisho kwenda Lodwar, au muuguzi akipangiwa kituo cha Kakuma, maswali huanza siku hiyo hiyo. Nauli kutoka Kitale ni ngapi? Posho ya mazingira magumu huanza kuingia lini? Halafu linakuja lile ambalo karibu kila mgeni huuliza, mara nyingi kwa sauti ya chini kwa kuwa anahisi kama anadeka: huko kuna mtaa wenye miti? Mahali ambapo mtu anaweza kukaa nje saa nane mchana, watoto wakacheza, asisumbuliwe na vumbi wala honi za bodaboda?

Upo. Lodwar ina mitaa ambayo ukiingia kutoka barabara kuu unahisi umevuka mpaka wa kaunti. Hata kambi ya Kakuma, ambayo magazetini huonyeshwa kama mabati na mchanga tu, ina nyua ambazo jua la adhuhuri haligusi ardhi. Ila ukishaupata mtaa wa namna hiyo, usidhani umeletewa na maumbile pekee. Katika nchi kame, karibu kila mti mkubwa unaouona umesimama kwa sababu kuna mtu aliyewazuia wengine wasiukate, au aliyemnyima mtu maji ili mti upate. Sura hii inawahusu watu hao.

Mji kati ya mito miwili

Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Nairobi hupata zaidi ya mara nne ya hizo. Joto la mchana huzungukia nyuzi 35 karibu mwaka mzima. Serikali ya kikoloni iliujua vizuri ukali huo: Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, aliletwa Lodwar kuzuiliwa hadi 1961. Jua na umbali viliifanya kazi ya ukuta.

Kwa hesabu ya mvua peke yake, pasingeota hapa mti wa kumfunika ng'ombe. Kinachookoa ni kwamba mvua ya Lodwar hunyesha kwingine. Mto Turkwel huanzia Mlima Elgon, ambako unaitwa Suam, ukapokea maji ya milima ya Cherangani, kisha ukateremka jangwani hadi Ziwa Turkana. Upande wa pili wa mji kuna Kawalase, ambayo ni laga, yaani mto wa msimu: miezi mingi ni barabara pana ya mchanga, halafu jioni moja ni ukuta wa maji ya kahawia. Mji umelala katikati ya hiyo miwili.

Tazama Lodwar kutoka juu ya mojawapo ya vilima vyake utaona mambo yalivyo. Katikati pana soko, mabati na mawe meusi. Kusini Turkwel inapita ikiwa imevaa mikoma na migunga mikubwa, ile ambayo Waturkana huiita ewoi. Ukanda huo wa kijani haufiki mbali. Mita mia chache kutoka ukingoni miti inakwisha ghafla, na baada yake ni changarawe. Wanaokaa Kanamkemer, ng'ambo ya mto, au pande za Nakwamekwi zinazoelekea majini, wanaishi mji mmoja na wale wa katikati lakini hewa wanayolala nayo si moja.

Kuna maji mengine yasiyoonekana. Chini ya kingo za Turkwel, katika mchanga na kokoto zilizoletwa na mto kwa maelfu ya miaka, yamehifadhiwa maji ya ardhini ambayo mto wenyewe huyajaza kila unapopita. Mizizi ya ewoi huyafuata huko chini. Visima vinavyolisha mabomba ya mji vinachota humo humo. Mti na bomba vinakunywa chungu kimoja, jambo ambalo wapimaji wa ploti hawaliandiki kwenye ramani zao.

Kwa nini mabati hayafanyi kazi ya mti

Wageni wengi huagiza kibanda cha mabati uani na kushangaa kwamba chini yake kunachoma kuliko nje. Sababu ni rahisi. Mwili wa mtu haupati joto kutoka kwa hewa peke yake. Unapata pia miale: kutoka juani, kutoka mchanga ambao adhuhuri waweza kupita nyuzi 60, na kutoka kitu chochote kilichopashwa moto kilicho karibu. Bati huzuia jua, halafu lenyewe linapata moto na kukumwagia kichwani. Ndiyo maana ukipima hewa chini ya mkoma na hewa ya barabarani, kipimajoto kinaweza kuonyesha tofauti ndogo tu, na bado mwili ukaapa kwamba umehama nchi. Mkoma umekata miale ya juu, na mchanga ulio chini yake haukupata nafasi ya kupashwa moto.

La pili, mti hutoa jasho. Majani yanavuta maji kutoka mizizini na kuyaachia hewani kama mvuke, na mvuke huo unapoondoka unabeba joto. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa njia hiyo hiyo, kwa kuvuja kidogo kidogo. Mti ulioshika maji ya ardhini ni mtungi usiokauka; mti wenye kiu hufunga vinyweleo vya majani yake na kubaki mwavuli tu.

Upepo nao ni sehemu ya hesabu. Turkana imekaa kwenye mkondo wa upepo unaopenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Ni upepo wenye nguvu kiasi kwamba ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani, wamesimamisha mitambo 365 ya kuuvuna kuwa umeme. Kwa mwenye nyumba ya Lodwar, upepo huo ni mchanga kwenye ugali. Safu mbili tatu za miti huuvunja nguvu na kudaka vumbi. Utulivu wa mitaa ya mtoni unatoka hapo kwa sehemu, na kwa sehemu unatokana na mchanga mzito wa vichochoro, ambao pikipiki zinauogopa.

Ekwar

Sasa tuje kwa watu. Swali la mgeni makini huwa hili: ikiwa kuni ni shida Turkana nzima, na makaa yanauzwa kila njia panda, mbona miti ya mtoni haikukatwa zamani ikaisha?

Waturkana wa kandokando ya Turkwel wana utaratibu uitwao ekwar. Ni kipande cha msitu wa ukingoni ambacho familia fulani inajulikana kuwa na haki nacho. Hakina ua wala hati. Mipaka yake ni kona ya mto, mti fulani mkubwa, njia ya kuteremkia majini, na majirani wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Haki hiyo hurithiwa.

Thamani yake huonekana kiangazi. Nyasi zikiisha huko malishoni, ewoi bado inaangusha maganda yake ya mbegu, ngitit, ambayo ni chakula kitamu na chenye nguvu kwa mbuzi. Familia ambayo mifugo yake ilikuwa mbali inajua kwamba ina mahali pa kurudi. Maganda hukusanywa, mengine huwekwa akiba, na mbuzi dhaifu na wachanga ndio hupewa kwanza. Mikoma hutoa matunda, na makuti yake huezeka nyumba na kufumwa vikapu vinavyouzwa Lodwar. Mti uitwao edapal hutoa matunda madogo matamu ambayo watoto huyamaliza kabla hayajafika nyumbani. Kwa hiyo ewoi iliyosimama ina faida kwa mwenye ekwar kuliko ewoi iliyo kwenye gunia la makaa, na yeye ndiye wa kwanza kujua shoka likilia.

Haki hiyo ina mipaka ya upande wa pili pia. Mwenye ekwar hawezi kumzuia jirani kuteremsha mifugo majini. Njia ni ya wote, na mto ni wa wote. Mgeni mwenye shida huomba, na mara nyingi hupewa: kata tawi, acha shina, lisha siku mbili, kisha uende. Ugomvi ukizuka, wazee huusikiliza chini ya mti wao wa baraza, na aliyekata mti mbichi bila ruhusa huondoka akiwa na deni la mnyama.

Nionavyo mimi, huu ni uhifadhi uliokamilika, na ulikuwepo kabla ya ofisi yoyote ya misitu kufika Turkana. Lakini baada ya njaa ya 1980 na 1981, fedha za misaada zilipoingia, wataalamu wengi waliitazama kaunti hii (wakati huo wilaya) kama ardhi tupu isiyo na mwenyewe, wafugaji wakiwa ndio waharibifu. Miti ikapandwa kwa mpango wa chakula kwa kazi: panda miche, upewe mahindi. Nani ataimiliki ikikua, hilo halikuulizwa sana.

Miongoni mwa miche hiyo ulikuwemo mti kutoka Amerika ya Kusini ambao Wakenya wameuita mathenge. Ulisifiwa kwa kustahimili ukame, kuzuia mchanga na kutoa kuni. Sifa zote zilikuwa za kweli. Mbuzi hawapendi majani yake ila wanapenda maganda yake matamu, wanameza mbegu, na wanazipanda kwa samadi popote wapitapo. Leo mathenge umeziba sehemu kubwa za kingo za Turkwel na Kawalase. Miba yake inatoboa matairi na kwato, na vichaka vyake vinafunga njia za majini zilizokuwa wazi kwa kila mtu. Utamu wa maganda huozesha meno ya mbuzi. Kule Baringo wakazi waliudhika hadi wakampeleka mahakamani mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Kijani kimeongezeka Turkana, picha za kutoka angani zitakuambia hivyo. Sehemu ya kijani hicho ni hiki cha mathenge, ambacho hakuna aliyekiomba na hakuna anayekilinda.

Ukingo ulipogeuka ploti

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, Lodwar ikawa makao makuu ya serikali ya kaunti. Zikaja ofisi, mahoteli, mashirika, vyuo. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu 83,000. Watu wenye mishahara wanataka kile kile anachokitaka mwalimu wetu wa mwanzo, kwa hiyo bei ya ploti hupanda kadiri unavyokaribia miti.

Hapo ndipo mambo mawili yanagongana. Ardhi ya Turkana kwa miongo mingi ilishikiliwa na serikali za mitaa kwa niaba ya wananchi, na tangu 2016 kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii inayotaka jamii zenyewe zisajiliwe kuwa wamiliki. Mjini, hata hivyo, kinachotembea mikononi ni barua ya ploti. Barua hutaja mita na namba. Haitaji kwamba ewoi tatu zilizomo ndani ni kiangazi cha familia fulani. Mnunuzi anajenga ukuta, anafunga njia ya mtoni, na anakata mmoja ili gari lipite. Wa pili unaangushwa kwa kuwa mizizi inatishia tangi la maji taka. Miaka michache baadaye anauliza mbona mtaa umekuwa na joto.

Mto nao una neno lake. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 kule kwenye korongo kwa ajili ya umeme, limeyatuliza maji. Mto ambao zamani ulikauka na kufurika kwa zamu sasa unapita Lodwar karibu mwaka wote. Hilo limewapa watu ujasiri wa kujenga karibu kuliko babu zao. Lakini mwishoni mwa 2020 KenGen, kampuni inayoendesha bwawa, ilitoa tahadhari kwamba maji yalikuwa yanakaribia kumwagika juu ya kingo zake, na watu wa chini wakaambiwa wasogee. Kawalase haina bwawa lolote. Mvua ikinyesha kwenye milima ya magharibi, mafuriko hufika mjini anga likiwa jeupe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa kodi ya kwanza:

- Tazama matawi ya miti iliyo karibu na nyumba. Nyasi kavu, makuti na mifuko ya plastiki iliyonasa juu ya kichwa chako imeletwa na maji, na inakuonyesha yalifika wapi.
- Muulize mwenye nyumba miti ni ya nani, na muulize jirani swali hilo hilo. Majibu yakitofautiana, umeingia katikati ya kesi.
- Nunua chandarua siku hiyo hiyo. Wanaodhani malaria haifiki jangwani hawajalala kando ya Turkwel. Isitoshe, mbu mgeni wa mijini aitwaye Anopheles stephensi, anayezaliana hata kwenye matangi na majerikani ya maji safi, tayari ameonekana Turkana.
- Usivutiwe na kijani cha mathenge kwenye picha ya simu.

Kwa ufupi: mtaa wa kijani Lodwar unatokana na maji ya Elgon, mizizi mirefu, na familia zilizokubaliana nani ana haki na mti upi. Maji na mizizi bado vipo. Makubaliano ndiyo yanayolegea.

Kakuma: kijani cha maji ya vyombo

Ukifuata lami kama kilomita 120 kaskazini magharibi unafika kwenye mkusanyiko mkubwa wa watu kuliko wote Turkana, na si Lodwar. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, ikipokea kwanza vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, idadi imekaribia watu 300,000. Huo ni mji, hata kama karatasi ziliuita kambi. Una masoko, misikiti, makanisa, kumbi za mpira na Kiswahili cha lafudhi kumi.

Mto wake, Tarach, ni laga. Hauna Elgon nyuma yake. Kingo zake zina miti, na Waturkana wana haki zao pale kama kwingine, kwa hiyo mkimbizi akionekana na shoka pale, anatafuta vita. Ugomvi mwingi wa miaka ya mwanzo kati ya kambi na wenyeji ulihusu kuni. Mwishowe ulipatikana utaratibu ambapo wenyeji ndio hukusanya na kuuza kuni, na mashirika hugawa sehemu kambini. Zilizobaki, na makaa, mama wa Kiturkana huzibeba kichwani hadi milangoni na kubadilishana kwa pesa au unga.

Basi kivuli cha kambini kimetoka wapi? Tembea Kakuma 1, sehemu ya zamani kuliko zote, halafu uende Kakuma 4, iliyopanuliwa baada ya vita vya Sudan Kusini kulipuka Desemba 2013. Tofauti inaonekana kwa macho. Kakuma 1 kuna vichochoro ambapo matawi yamekutana juu ya njia, wazee wamekaa na kahawa ya Kihabeshi, na sauti za soko zimebaki nyuma ya nyua mbili tatu. Karibu miti yote ni mwarobaini.

Mwarobaini ulishinda kwa sababu isiyo ya kishujaa: ni mchungu. Mbuzi wa wenyeji huzurura kambini na hula kila kitu kibichi, hata katoni, lakini majani yale mara nyingi huyaacha. Kinachobaki ni maji. Kiwango kinacholengwa na mashirika ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na kuna siku nyingi ambazo hazifiki. Hakuna mama atakayemwaga maji ya bomba kwenye mche. Lakini familia ya watu sita huosha vyombo, huoga na hufua, na maji hayo machafu yana njia mbili: yatupwe kichochoroni yazalishe nzi, au yamiminwe kwenye shimo dogo lililochimbwa kuzunguka mche. Miaka miwili mitatu ya kumimina hivyo, na mzizi unajitafutia.

Kijani cha Kakuma 1, basi, ni jumla ya mabeseni. Kila mti una jina la aliyeulea, hata kama sasa yuko Minnesota au Melbourne. Familia inapopata safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu, nyumba yake hupata mrithi upesi, kwa maelewano ambayo hayaandikwi popote, na ua wenye mwarobaini mkubwa haukosi mtu. Sheria haimruhusu mkimbizi kuuza ardhi hiyo, kwa kuwa hakuwahi kupewa. Kinachobadilisha mikono, kwa kusema kweli, ni kivuli.

Kalobeyei ilikusudiwa kuwa bora zaidi. Ilichorwa na wapangaji wa miji, wakimbizi na wenyeji wakae pamoja, kila nyumba na nafasi ya bustani ndogo. Miche ikagawanywa. Nyingi ilikufa na michache ikashika, na ukiuliza kwa nini hii na si ile, jibu karibu kila mara ni lile la Kakuma 1: ile ilikuwa ya taasisi, hii ni ya mama fulani.

Sasa mambo yanabadilika tena. Kakuma imepewa hadhi ya manispaa, na mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi kuwa makazi ya kudumu ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma zile zile. Manispaa itahitaji barabara pana, mitaro na ploti zenye namba. Wapimaji watafika Kakuma 1 na kukuta mwarobaini wa miaka thelathini umesimama katikati ya mstari mwekundu wa ramani. Mwenyeji atasema ardhi ni yetu, hivyo mti ni wetu. Mama aliyeumiminia mabeseni atasema mti ni wangu hata kama ardhi si yangu. Kwa desturi ya ekwar, hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: mmoja ana mti, mwingine ana njia, na wote wana mto. Ramani ya manispaa, kama zilivyo ramani nyingi, ina safu moja tu ya kuandika mwenyewe.